Boriti, Chokaa na Matumbawe: Asili ya Nyumba ya Mawe ya Pwani

Watu waingiao Lamu, Mombasa ya kale au Mji Mkongwe wa Unguja kwa mara ya kwanza husimama mbele ya milango. Husifu nakshi zake, misumari yake ya shaba na upana wa mbao zake. Wachache huinua macho kutazama dari, na wachache zaidi huuliza kwa nini vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba mno, virefu mfano wa ushoroba, hata katika nyumba ya mtu aliyekuwa tajiri wa kupigiwa mfano. Swali hilo laonekana dogo, lakini ndani ya jibu lake imo historia ya ujenzi wa pwani yetu. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba nyumba ya mawe ya Waswahili haikushushwa bandarini ikiwa tayari, bali ilikua hatua kwa hatua kutoka katika nyumba ya miti. Kwamba kipimo chake ni mti wa mkoko na uhai wake ni chokaa. Na kwamba kuyasahau mambo mawili hayo si hasara ya elimu peke yake.

Tuanze na nyumba ya miti na udongo, maana ndiyo mama. Mjenzi huchimba mashimo, husimamisha nguzo, na juu ya nguzo hulaza mti wa kupokea paa uitwao mtambaapanya. Kisha hupaua: huweka makombamoyo yateremkayo kutoka kileleni hadi ukutani, na juu yake hufunga pau za kushikia makuti. Kuta hufungwa fito kwa kamba, nje na ndani, nafasi ya katikati hujazwa udongo na mawe madogo, kisha hukandikwa. Hapana msumari hata mmoja katika kazi hiyo. Nyumba kama hii hukaa miaka mingi ikiwa paa lake halivuji, na ikibomoka, miti yake iliyo mizima hutumiwa tena. Aghalabu watu huitaja kwa dharau, kana kwamba ni dalili ya ufukara tu. Lakini fundi aliyekwisha kujua kusimamisha nguzo, kupima nafasi baina yake, na kujaza ukuta kwa mawe na udongo amekwisha kujua zaidi ya nusu ya mambo yatakiwayo katika nyumba ya mawe.

Ushahidi wa jambo hili umetoka ardhini. Katika kisiwa cha Pate, magofu ya mji wa Shanga yalichimbuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980. Wachimbaji walikuta tabaka juu ya tabaka la maisha ya mji mmoja, tangu karne ya 8 hadi ulipohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Chini ya msikiti wa mawe walikuta alama za misikiti mingine iliyoutangulia, na mikongwe kabisa ilikuwa ya miti. Mashimo ya nguzo zake yalikuwa yangali yakionekana katika udongo. Waliomwabudu Mungu mahali hapo hawakuhama na wala mji haukuvunjwa ili mwingine ujengwe na wageni. Mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni kitu cha kujengea. Mti ulitangulia, tumbawe likafuata, na nyumba za kuishi za mawe zikaenea baadaye sana kuliko misikiti, katika karne ya 14.

Habari za Kilwa zaafikiana na hizo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alistaajabia uzuri wa mji, naye akaandika kuwa umejengwa kwa miti. Maneno hayo yamewatatiza wasomaji wengi, kwa kuwa magofu tuyaonayo Kilwa Kisiwani ni ya mawe, na jumba kubwa la Husuni Kubwa lilijengwa karibu na zama zile zile. Hakuna haja ya kumkanusha msafiri wala magofu. Mji wa mawe na mji wa miti ulikuwa mji mmoja: misikiti na majumba ya watawala yalikuwa ya mawe, na umati wa nyumba uliyazunguka ukiwa wa miti, udongo na paa za majani. Mawe yamebaki na miti imeoza; basi sisi tunaouona mji leo tumeonyeshwa sehemu yake ndogo tu. Miaka mia mbili hivi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika juu ya Kilwa ya nyumba za mawe na chokaa zenye paa bapa. Katika muda uliopita kati ya mashahidi wawili hao, jiwe lilikuwa limeshuka kutoka msikitini na ikuluni likaingia katika nyumba za wenyeji wenye mali.

Sisemi kwamba watu wa pwani hawakujifunza lolote kutoka kwa wengine. Bahari haikuwa ukuta baina yao na majirani zao. Katika pwani za Bahari ya Shamu pia watu walijenga kwa matumbawe, na mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, imechongwa kwa khati ya Kiarabu iliyokuwa ikijulikana mbali na hapa. Lugha yenyewe yakiri mapokezi hayo. Nyumba na mlango ni maneno ya asili ya Kibantu; dirisha limetoka katika Kiajemi; ghorofa na sakafu yametoka katika Kiarabu. Walakini tazama jinsi maneno hayo yalivyopokewa. Kwa Kiarabu ghorofa ni chumba; kwa Kiswahili ni chumba kilicho juu, na hatimaye orofa nzima. Kwa Kiarabu sakafu ni paa au dari. Kwa Kiswahili ni ile sehemu ya juu iliyopigwa ikawa ngumu, ambayo mtu hukanyaga. Ni kitu kile kile kikitazamwa kutoka upande wa pili: mmoja amekiangalia akiwa chini yake, mwingine akiwa amesimama juu yake. Waliopokea maneno haya hawakuwa watazamaji, walikuwa wajenzi.

Sasa tuvitazame vitu vyenyewe, kimoja kimoja, tukianza na jiwe.

Fundi wa pwani alikuwa na mawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe la nchi kavu, mwamba wa matumbawe ya kale ulioachwa na bahari iliposhuka. Ni jiwe gumu lenye matundu, halikubali kuchongwa kwa unyofu, na kwa hiyo lilivunjwa vipande vya kila umbo likatumika katika wingi wa ukuta. La pili ni tumbawe la baharini, lililokatwa chini ya maji lingali hai. Likitoka majini huwa laini hata hukatwa kwa shoka au msumeno. Likikauka huwa gumu, nalo ni jepesi. Hili liliwekwa mahali pa heshima na pa usahihi: mihrabu, vizingiti, miimo ya milango, matao, na vile vijidirisha vya ukutani visivyotokea nje viitwavyo zidaka. Ukuta wa nusu mita au zaidi uliojazwa mawe yasiyo na umbo hauwezi kusimama kwa uzito wake tu. Kinachoushika ni chokaa.

Chokaa ni tumbawe lililochomwa. Wachomaji walipanga magogo kwa duara, wakayarundika mawe ya matumbawe juu yake, wakaacha tundu katikati la kutilia moto. Joto lilipofika nyuzi 900 hivi za sentigredi, jiwe lilitoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likabaki jeupe, jepesi na kali. Kisha lilimwagiwa maji. Likachemka bila moto na kuvunjika likawa unga. Chokaa hiyo haikutumiwa mara moja. Iliachwa ilale, mara nyingi kwa miezi, kwani chokaa changa huendelea kufura ndani ya ukuta na kuupasua. Ikachanganywa na mchanga, pengine na udongo mwekundu, ikatiwa baina ya mawe. Humo ukutani ilianza kuivuta tena, kidogo kidogo, ile hewa iliyoipoteza motoni, na mwisho ikarudi kuwa jiwe. Basi ukuta wa nyumba ya pwani ni tumbawe lililounganishwa na tumbawe. Viungo vyake si vigumu kuliko mawe yake, na hupitisha unyevu: maji yaliyopanda kutoka ardhini au kuingia kwa mvua hutoka tena kwa upepo na jua. Sifa hiyo ya kupumua ndiyo siri ya umri wa kuta hizo, na msomaji aikumbuke, maana tutairudia.

Chumba chenye kuta nne bado si chumba mpaka kifunikwe, na hapa ndipo boriti inapotawala. Misitu ya mikoko ya delta ya Rufiji na ya visiwa vya Lamu ilitoa miti myembamba, minyofu, mizito, isiyoliwa upesi na wadudu. Wafanyabiashara waliipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila jina likiwa na kazi yake na bei yake. Boriti ililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, mojamoja, kwa nafasi ndogo. Lakini mti wa mkoko una kikomo chake. Ukivuka kiasi cha mita mbili na nusu au tatu, boriti hupinda chini ya mzigo wa sakafu. Tajiri angeweza kununua mawe zaidi, chokaa zaidi na nakshi zaidi. Hakuweza kununua boriti iliyo ndefu kuliko mti wenyewe. Ndiyo sababu chumba cha tajiri kilirefuka lakini hakikupanuka.

Kipimo hicho hakikubaki kwetu tu. Katika karne ya 10 al-Istakhri aliandika kuwa nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Kwa karne nyingi baadaye majahazi yaliyorudi kwa pepo za kusi yalichukua boriti hadi Omani, Bahareni na Kuwait, nchi zisizo na misitu ya kuezekea nyumba. Huko nako upana wa chumba ulifuata urefu wa mti wa mkoko. Tumezoea kusikia nini kilikuja kwetu kutoka Ghuba. Ni haki pia tujue kuwa watu wengi wa Ghuba walilala chini ya miti ya Rufiji na Lamu.

Juu ya boriti vilipangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto. Kisha sakafu ilipigwa. Watu walikaa safu safu na vipande vya mti mikononi, wakapiga kwa mwendo mmoja na kwa nyimbo, siku baada ya siku, mpaka maji yakatoka na chokaa ikashikamana. Hapa lazima tuseme jambo ambalo uzuri wa majumba huweza kutusahaulisha. Katika karne za 18 na 19 sehemu kubwa ya kazi hii, ya kukata boriti matopeni, kubeba mawe kichwani, kuchoma chokaa na kupiga sakafu, ilifanywa na watumwa, wanaume kwa wanawake. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Majina ya wenye nyumba yamehifadhiwa katika hati na katika kumbukumbu za koo. Majina ya waliozipiga sakafu zao hayakuandikwa. Kazi yao ndiyo iliyobaki, nayo yastahili kusomwa kama hati nyingine yoyote.

Je, hapakuwa na njia ya kuikwepa boriti? Ilikuwapo, nayo twaiona Kilwa. Msikiti Mkuu ulianza kama jengo dogo lenye paa bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, uliongezwa kwa upande wa kusini, na sehemu hiyo mpya ikaezekwa kwa makuba na matao ya mawe na chokaa. Lakini mzigo ulikuwa mkubwa. Sehemu hiyo ilianguka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya, nguzo za awali za jiwe moja zikibadilishwa kwa nguzo za mawe madogo na chokaa. Mafundi walikuwa wamejifunza kwa gharama. Wala hata kuba halikujikomboa kabisa na mti, kwa kuwa lilijengwa juu ya kiunzi cha miti kilichoondolewa chokaa ilipokwisha kushika. Katika nyumba za kuishi, basi, boriti iliendelea kutawala.

Nao wenye nyumba waliugeuza upungufu huo ukawa mpango wa maisha. Angalia nyumba ya Lamu ya karne ya 18. Mgeni hupokewa dakani, kwenye viti vya mawe nje ya mlango. Akikaribishwa, huingia tekani, kisha hutokea kiwandani, penye mwanga na hewa. Mbele ya kiwanda vyumba vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikiwa na upana wa boriti moja: msana wa tini, msana wa yuu, na kisha ndani, penye ukuta wa zidaka na mapambo ya lipu. Kila hatua sakafu huinuka kidogo, mwanga hupungua, na faragha huongezeka. Kwa hiyo kila boriti ilikuwa pia daraja ya ujamaa: kuna mtu wa dakani, mtu wa msanani, na mtu wa ndani. Binti alipoolewa, wazazi wake waliweza kumjengea juu ya nyumba yao, au kumvushia chumba ng'ambo ya kichochoro juu ya wikio. Na kuta zile nene, zilizojengwa kwa kungojea siku hiyo, zikapokea orofa nyingine. Nyumba ilikua kama ukoo unavyokua.

Utawala wa boriti ulivunjwa na chuma. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash katika Unguja mwaka 1883, liliunganisha kuta za matumbawe na chokaa pamoja na nguzo na mihimili ya chuma iliyotoka ng'ambo. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusimama katika jumba la Unguja lenye kumbi na roshani pana kuliko mkoko ulivyoruhusu. Watu waliliita la ajabu kwa haki. Lakini jengo lenye chuma na chokaa ndani ya hewa ya chumvi lina mabwana wawili, na kila mmoja anadai utunzaji wake. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi humo wakafa. Toka siku hiyo hakuna awezaye kusema kuwa elimu ya majengo ya kale ni anasa ya wapenda magofu.

Badiliko la pili lilikuja kimya zaidi, likajificha ndani ya neno. Saruji ni neno la kale kuliko kitu tukiitacho saruji leo. Katika Kiarabu na Kiajemi lilikuwa jina la tope la kujengea lenye chokaa, na Omani hadi leo lataja mchanganyiko wa udongo uliochomwa, uliotumika katika ngome na katika mifereji ya maji. Saruji ya viwandani ni kitu kingine: hati yake ya uvumbuzi ilitolewa Uingereza mwaka 1824 kwa Joseph Aspdin. Katika nchi zetu kiwanda cha Bamburi kilianza kuitengeneza mwaka 1954, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Imetujengea shule, hospitali na madaraja, wala hapana mwenye akili atakayeilaumu kwa hayo. Kosa huanza inapotiwa juu ya ukuta wa chokaa kana kwamba ni ndugu wa chokaa kwa kuwa majina na rangi vyakaribiana. Saruji ni ngumu kuliko mawe yale na haipitishi unyevu. Maji yaliyozoea kutoka hufungwa ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu. Lipu hubanduka na kuchukua uso wa jiwe. Na vichwa vya boriti, vilivyozikwa ukutani, huoza pasipo mtu kuona. Kwa nje ukuta waonekana mpya, ndani unakufa.

Boriti nayo haipatikani kama zamani. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje ya nchi mwaka 1982, na hapana budi kuilinda mikoko, kwa kuwa ndiyo malezi ya samaki na ngao ya ufuko. Haya ni matatizo ya kweli, wala hayaponywi kwa kuililia zamani. Yaponywa kwa elimu: kujua ni mti gani ubadilishwe na upi uachwe, na kuwafunza vijana kuchoma na kulaza chokaa mafundi wazee wangali hai. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na baada ya kazi ya kuyakarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Basi jambo hili lawezekana.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa kila mahali kwa maana ya kuhimiza upesi, nayo ni maana njema. Lakini waliyoitunga waliishi baina ya kuta za chokaa, na hawakuhitaji kueleza ufa huzibwa kwa kitu gani. Kila mtu alijua. Sisi hatujui tena, na kwa hiyo methali imetuzidishia kazi. Twaweza kuuziba ufa upesi, kwa nia njema na kwa saruji safi, na bado tukalazimika kujenga ukuta.